Ng'ombe wa Upande wa Kushoto

Siku Privatus Minani alipokanyaga mnada wa Nyakahura kwa mara ya kwanza, Adventina alimuuzia ng'ombe mbovu. Hakulificha jambo hilo baadaye, wala hakulipamba. Mnunuzi ana macho, ana mikono, ana mdomo wa kuulizia. Asipovitumia, kosa si la muuzaji. Hivyo ndivyo Adventina alivyoishi tangu alipobaki mjane na binti mmoja na mbuzi watatu, mpaka akawa mtu ambaye madereva wa malori ya mpakani Rusumo walimpigia simu wakiwa Lusahunga kuuliza bei kabla hawajakanyaga breki.

Minani alikuja mnadani na suruali iliyopigwa pasi. Alikuwa mtu wa Ngara, miaka hamsini na moja, yuko likizo kutoka Dar es Salaam, anatafuta ng'ombe wa maziwa wa kuanzia mji wake wa uzeeni. Adventina alimwacha azunguke kwanza. Mtu akizunguka peke yake hujisema. Huyu alijisema mambo mawili. Kiuno kilikuwa kinamuuma: kila alipotaka kuchungulia kiwele aliinama kidogo, akashika goti, akanyanyuka. Na jicho lake la kushoto halikuwa kazini. Kitu kikitokea upande huo aligeuza kichwa kizima, kama kuku.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo Adventina aliliona asilielewe. Fundi aliyekuwa akichomelea geti la mnada alipowasha mashine yake, watu wote walifumba macho tu. Minani alirudi nyuma hatua mbili, bila kufikiri, kama mtu anayempisha mkubwa.

Basi akaletewa ng'ombe mwekundu, mrefu, mwenye kiwele cha kutamanisha na chuchu moja iliyokufa kwa ugonjwa, ya nyuma kushoto. Adventina alimpitisha Minani kwa nyuma ili chuchu ile ibaki upande wake wa giza. Yeye mwenyewe akachuchumaa kulia, akakamua kikombe kikajaa povu.

"Kaka, mimi sisemi. Kikombe ndicho kinasema."

"Chuchu zote zinatoa?"

"Unazihesabu au unazinywa?"

Wachuuzi walicheka. Minani akacheka nao, na mnunuzi akishacheka pamoja na wanaomcheka, ujue mkono uko mfukoni.

Siku ya nne simu ikaita.

"Mama Tecla, ile chuchu ya nyuma kushoto haitoi hata tone."

"Ulimkagua mwenyewe, kaka. Mimi sikukufumba macho."

Alitegemea matusi. Alikuwa ameshaandaa majibu yake. Lakini Minani akasema taratibu, "Hapana. Hukunifumba wewe." Akakata simu.

Miezi minane ikapita. Tecla, yule binti mmoja, alikuwa ameolewa Lusahunga na Yohanes, fundi wa matairi, na sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilianza kama uchovu wa mimba. Ikawa hawezi kutoka jikoni mpaka kisimani bila kusimama mara mbili. Ikawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na asubuhi anakohoa povu lenye wekundu kidogo. Hospitali ya kwanza ikawapeleka ya pili, ya pili ikawapeleka Mwanza, na Mwanza daktari akamwonyesha Adventina kwenye skrini mlango mmoja wa moyo ambao ulipaswa kufunguka kama shavu la samaki, ukawa unafunguka kama tundu la kifungo.

"Aliwahi kuvimba magoti akiwa mtoto? Homa na koo kuuma?"

Aliwahi. Miaka tisa alikuwa nayo. Adventina alimchemshia majani akawahi mnada, kwa sababu mnada haukungoja mtu. Alilijibu swali la daktari kwa neno moja, asiongeze.

Dawa zilishindwa. Mimba ilikuwa inaongeza damu, na damu ilikosa njia. Palibaki kufunguliwa mlango ule kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, wenye puto dogo kichwani. Kazi hiyo ilifanyika Dar es Salaam, na ilifanyika kwa kuangalia moyo kwa mionzi, kama eksirei inayotembea.

"Na huyu wa tumboni?" Adventina aliuliza.

"Ndiyo maana tunataka mionzi iwe kidogo kadiri inavyowezekana, mama. Kidogo sana si hatari kubwa. Nyingi hatuitaki. Tukiacha kabisa, tunaweza kuwapoteza wote wawili."

Adventina alielewa lugha hiyo. Kulikuwa na bei, haikwepeki, na mtu alitakiwa kuishusha. Hakujua tu ni nani wa kushushana naye.

Alimjua siku ya pili ya kulazwa Dar. Mtu wa mashine ya mionzi aliingia wodini na fomu, Tecla akamwamkia kutoka kwenye mito yake, "Shikamoo," yule mtu akasema, "Marahaba, binti," na katika kutafuta sauti ilikotoka akageuza kichwa kizima. Adventina alivuta kanga usoni. Akaona ni ujinga, akaishusha.

"Mama Tecla wa Nyakahura," alisema Minani.

"Ndiye."

"Ng'ombe hajambo. Chuchu tatu."

"Mnajuana, mama?" Tecla aliuliza.

"Tulifanya biashara."

Adventina hakuwa mwepesi wa hofu, lakini mchana ule alikaa kwenye benchi la korido akijipigia hesabu ya mtu aliyemwibia kondoo mchungaji, halafu mchungaji huyohuyo akapewa watoto wake kuwachunga. Angeweza kuomba mtu mwingine. Aliuliza kwa wauguzi, chinichini, kwa namna ya kupiga soga. Muuguzi mmoja alicheka. "Kwa mjamzito? Omba Mungu awe Minani. Wengine wanapiga picha. Minani anahesabu." Mwingine akadakia: "Anahesabu mpaka madaktari wanamwita kondakta."

Minani alipotoka kazini alimkuta Adventina bado benchini. Adventina hakumpa nafasi ya kumpita.

"Kaka Minani, nimewaona mnavaa makoti mazito ya madini ya risasi. Nataka tumbo la binti yangu lifunikwe makoti mawili. Matatu kama yapo."

Minani aliketi taratibu, mkono kiunoni. "Hayo makoti ndiyo yaliyonivunja hiki kiuno. Kilo saba, miaka kumi na tisa. Moja atazungushiwa, chini na juu ya tumbo, mbali na njia ya mionzi. Lakini likisogea likaingia kwenye picha, mashine inaona giza, na ikiona giza inaongeza nguvu yenyewe ili ipenye. Unafikiri umemkinga mtoto, kumbe umeiambia mashine iongeze dau."

"Kwa hiyo kurundika si kukinga."

"Si kukinga. Mtoto tunamkinga kwa kupunguza kule juu, kwenye moyo. Meza naipandisha iwe mbali na bomba linalotoa mionzi. Kipokezi cha picha nakishusha kikaribie kifua. Dirisha nalibana libaki kiganja tu, nisimulike kisichotakiwa. Picha kumi na tano kwa sekunde naziteremsha ziwe saba. Tukitaka kuangalia tena tulichoona, tunaangalia iliyohifadhiwa, hatupigi mpya. Na zaidi ya yote, mguu wa daktari. Mionzi inatoka akikanyaga pedali. Akiinua mguu, hakuna kitu. Watu wengi wanakanyaga huku wanafikiri, huku wanaongea. Mimi nahesabu kwa sauti ili aondoe mguu."

"Nani alikufundisha kuhesabu?"

Minani aliegemea ukuta. Kisha akamweleza, bila kupamba, na Adventina akayashika kama yalivyosemwa.

Alikuwa mtoto wa wakulima wa kahawa wa Ngara, wa kwanza kwao kuvaa koti jeupe. Alipoanza, katika hospitali nyingine, alisimama mezani pamoja na madaktari kuwapa vifaa. Hapakuwa na wa kuhesabu. Kengele ya dakika tano ilikuwepo kwenye mashine. Ilipolia, aliyekuwa karibu aliibonyeza inyamaze, bila kutazama, na mara nyingi aliyekuwa karibu alikuwa yeye. Mgonjwa mmoja, mzee mnene, mishipa yake iligoma, wakamfanyia kazi kwa muda wa saa tatu. Baada ya wiki tano mzee alirudi na kidonda mgongoni. Alionwa na daktari wa ngozi, dawa za kupaka zikaandikwa. Minani alipopita akaona mgongo ule wazi, akasimama. Kidonda kilikuwa cha mraba. Pembe nne, zimenyooka. Aliujua mraba ule kwa vipimo vyake. Ndilo dirisha alilokuwa akilifungua yeye kwa mkono wake.

"Alipona?"

"Walimkata ngozi ya paja wakabandika. Alikuwa ananisalimia kila akija kliniki. Hakujua." Minani aliangalia mikono yake. "Tangu hapo nahesabu."

Adventina akalileta lake, maana biashara ilikuwa haijaisha.

"Na jicho?"

"Jicho gani?"

"Usinifanye mtoto. Yule ng'ombe nilimsimamisha upande ule kwa sababu huoni upande ule. Uligeuza kichwa kama kuku tangu getini."

Minani alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akalifunua.

"Hapa nafanya kazi na wenzangu kila siku," alisema. "Hakuna aliyeona. Nimekwenda kuonwa na mchuuzi wa ng'ombe."

Akaeleza na hilo. Aliyesimama mezani, kushoto kwake ndiko mashine iliko. Mionzi inayodunda kutoka kwa mgonjwa ilimpiga upande huo, mwaka hata mwaka. Kila hatua ya kurudi nyuma huipunguza, lakini mezani hapakuwa na pa kurudi. Miwani ya kinga ilikuwepo, ilikuwa mizito, ilijaa jasho, ilimteleza puani, akaiacha mezani. Sasa mtoto wa jicho alikuwa ameota nyuma kabisa ya lenzi, ukungu unaoongezeka. Alisema ameshahamia chumba cha nyuma ya kioo, kwenye mitambo, na kazi ya huko jicho moja linaitosha. Namba za dakika kwenye skrini ni kubwa kama kiganja, na moyo anautazama daktari.

"Na kile kibeji mnachobandika kifuani cha kupimia mionzi mnayokula? Wenzako nimewaona nacho. Wewe huna."

"Kiko kabatini."

"Kwa nini?"

"Kikisoma juu, unatolewa chumbani miezi kadhaa upumzike. Unapelekwa kupiga eksirei za mikono na miguu. Posho inakatika, nyumba ya Ngara haipandi. Na nani atahesabu? Wengi tunakiacha kabatini. Karatasi zangu ni safi, mama Tecla. Ukizisoma utasema sijawahi kuingia humo ndani."

Adventina alikuwa amewahi kuwakuta wenye mizani ya udanganyifu, na alikuwa na sheria moja juu yao ambayo hakuivunja hata kwa ndugu.

"Sikia, kaka. Mtu asiyejipima mwenyewe, mimi simpi wangu ampime. Kesho kutwa binti yangu anaingia. Ukiingia na beji kifuani, nitasaini. Ukiingia bila beji, nitaomba mwingine, na nikiulizwa sababu nitaisema. Ya jicho na ya kabati."

"Unanitisha."

"Natoa bei."

"Nikianza kuivaa sitaweza kuivua. Watauliza kwa nini miaka yote ilikuwa sifuri."

"Najua."

"Na ng'ombe?" Minani aliuliza, na kwa mara ya kwanza uchungu ulimtoka. "Bei ya ng'ombe huizungumzi?"

"Taja."

Akatikisa kichwa. "Hapa siuzi kitu. Ng'ombe tutaongea kwetu."

Asubuhi ya siku yenyewe alipita koridoni akisukuma kitanda cha Tecla yeye mwenyewe, na beji ilikuwa kifuani, ndogo kama kiberiti. Hakumtazama Adventina. Daktari Ndassa, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, alimpa Adventina mkono mara moja na kuingia. Adventina akasaini.

Ndugu hawaruhusiwi kuingia. Lakini mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa haufungi vizuri, na benchi lilikuwa karibu. Kwa kitambo hakusikia kitu. Walikuwa wanatafuta mshipa wa paja kwa ultrasaundi, isiyo na mionzi. Kisha sauti ya Minani, kavu, ya mtu anayesoma orodha.

"Sekunde kumi. Ishirini. Mguu, daktari."

Kimya.

"Sekunde thelathini. Arobaini."

"Minani, niache nivuke ukuta wa moyo kwanza."

"Vuka. Hamsini. Dakika moja. Mguu."

"Nimeinua!"

"Ahsante."

Adventina alikuwa amekaa minadani miaka ishirini na mbili, na alijua sauti ya mtu anayeshusha bei ambayo mwenzake hataki kuishusha. Haibembelezi, haigombi, inarudia tu. Alijikuta ameshikilia ubao wa benchi na kuhesabu naye. Palipokuwa kimya alijua hakuna kinachomfikia mjukuu. Iliposikika sauti, alijua kila namba ni ya kulipwa na mtu ambaye hajazaliwa, na risiti yake hatapewa leo.

"Dakika mbili na nusu."

"Puto limeingia. Jazeni. Jazeni… punguzeni. Tena."

"Dakika tatu. Daktari, unaongea na mguu uko chini."

"Kondakta, utaniua wewe." Kisha, baada ya kitambo, sauti ya Ndassa ikiwa imebadilika: "Umefunguka. Angalieni kwenye ultrasaundi. Umefunguka."

"Dakika tatu na sekunde arobaini," alisema Minani. "Nazima."

Kengele ya dakika tano haikupata nafasi ya kulia.

Usiku ule Tecla alilala chali, mto mmoja. Kabla ya kuondoka Adventina aliomba aandikiwe ile namba. Minani akaiandika kwenye karatasi, dakika na kipimo chenyewe, akaigonga muhuri. Adventina akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki anamohifadhia vibali vya mifugo.

Mtoto alizaliwa Januari, wa kike, kilo mbili na nusu, kelele nyingi. Tecla alitaka kutafuta jina la kike linalofanana na Privatus. Adventina akamwambia jina si malipo, mtoto akaitwa Agripina kama bibi yake Yohanes.

Minani aliendelea kuivaa beji kwa robo mwaka nzima, akisimama pia mezani siku ambazo watu walipungua. Majibu yaliporudi alikuwa juu ya kiwango. Akaitwa. Akaulizwa ilikuwaje miaka yote awe sifuri na robo hii tu apande. Angeweza kusema beji imeharibika. Wapo waliomshauri hivyo. Akasema ukweli, akafungua kabati. Makabati mengine yakafunguliwa, beji sita zikatoka. Akapewa barua ya onyo, akapimwa macho, akatolewa chumba cha mirija ya moyo moja kwa moja. Wenzake kadhaa waliacha kumsalimia. Jicho lilifanyiwa upasuaji, lenzi mpya ikawekwa, naye akaomba uhamisho kurudi Ngara, kupiga eksirei za kawaida za mikono iliyovunjwa na bodaboda.

Julai Adventina alipakia mtamba kwenye lori, akapanda naye mpaka Ngara. Hakwenda kwa shukrani. Hakupenda tu kudaiwa na mtu anayemjua binti yake. Minani alitoka kwenye nyumba yake isiyo na dari, mwenye macho mawili.

Kwa mazoea Adventina alimsimamisha mtamba kushoto kwake.

"Acha," alisema Minani. "Huko naona sasa."

Akachuchumaa, polepole, akiuma meno kwa ajili ya kiuno, akagusa chuchu moja moja. Nne. Akapapasa miguu. Akafungua mdomo, akatazama meno. Akamzunguka mara mbili. Adventina hakukumbuka mara ya mwisho bidhaa yake kukaguliwa namna hiyo.

"Mzima," alisema.

"Yule mwekundu nitamchukua."

"Yule abaki. Tumemzoea."

Adventina alitaka kubisha, akaona hana hoja. Ng'ombe wawili kwa bei ya mmoja: hivyo ndivyo alivyopigwa, na hakukumbuka kupigwa hivyo tangu aanze biashara. Kwa upande mwingine, Tecla alikuwa anachota maji mwenyewe. Kuhusu yale mengine, ya dakika tatu na sekunde arobaini, hakuna aliyeweza kumwambia chochote. Madaktari walisema ni kidogo mno kuhofia, naye aliwaamini kadiri alivyozoea kuwaamini wauzaji. Karatasi aliitunza.

Walikunywa chai uani. Aliuliza kama chumbani kule Dar amepatikana wa kuhesabu.

"Niliwapigia wiki iliyopita. Wamemweka kijana hodari. Mashine anaijua kuliko mimi." Minani alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Hahesabu kwa sauti. Anasema kengele ipo."

"Na ikilia?"

"Wanaibonyeza."

Barabarani mbele ya nyumba fundi alikuwa anachomelea tela. Cheche zilipowaka, Minani, akiwa amekaa, alivuta kiti nyuma. Adventina alichukua kikombe chake, akavuta na kiti chake nyuma.